Las Vegas na watoto: Katika mji usio na saa, mzazi ndiye saa

LAS VEGAS haikukua kwa ajili ya watoto. Jimbo la Nevada liliruhusu kamari mwaka 1931, na tangu hapo mji huu wa jangwani umejulikana kwa watu wazima wanaotaka kucheza, kula na kukesha. Hata hivyo, familia zinafika kila siku. Wapo wanaopita wakielekea Grand Canyon, wapo wanaofuata harusi, na wapo wazazi kutoka Afrika Mashariki wanaopelekwa na ndugu zao waishio California, kwa kuwa kutoka Los Angeles ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari.

Ndani ya kumbi za kasino ni nadra kuona saa ya ukutani au dirisha. Usiku na mchana hufanana, na ndivyo wenye kasino wanavyotaka. Kwa hiyo mwenye watoto ndiye anayepaswa kujua ni saa ngapi, mtoto amekunywa maji lini na atalala lini.

Joto kavu hudanganya

Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani joto analijua. La Las Vegas ni jingine. Julai 7, 2024 kipimo kilifika nyuzi joto 48.9, rekodi ya mji huo. Kwa kuwa hewa ni kavu, jasho hukauka mara tu linapotoka, hivyo mtu hupoteza maji bila kujua. Watoto wadogo ndio huathirika upesi zaidi.

Kati ya Juni na Septemba, matembezi ya nje yafanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya jua kuzama. Mtoto apewe maji mara kwa mara hata kama hajaomba. Maji ya bomba ya huko ni salama, hivyo chupa zijazwe hotelini kabla ya kutoka.

Mdomo mkavu, mkojo mchache wa njano iliyokolea, kulia bila machozi, kuumwa kichwa na kichefuchefu ni dalili za kuishiwa maji. Mtoto aondolewe juani, apumzike penye kiyoyozi na anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akizimia au akipata degedege, hiyo ni dharura. Mzazi apige 911, na wakati wa kusubiri msaada aupoze mwili wa mtoto kwa maji.

Lami nayo huunguza. Mchana wa kiangazi inaweza kuzidi nyuzi 60, kiasi cha kubabua ngozi kwa sekunde chache, hivyo mtoto asitembee peku hata kutoka bwawani hadi kwenye gari. Ndani ya gari lililofungwa, joto huweza kupanda kwa nyuzi 11 katika dakika 10. Mtoto asiachwe humo hata kwa dakika moja.

Njia ya lifti hupita kasinoni

Sheria ya Nevada hairuhusu mtu mwenye umri chini ya miaka 21 kucheza kamari wala kuzubaa kwenye eneo la mchezo. Kupita na mzazi kunaruhusiwa, na mara nyingi hakuepukiki, maana katika hoteli nyingi njia ya kutoka mapokezi hadi lifti hukatiza katikati ya mashine. Familia ikisimama kutazama, walinzi wataiambia isogee. Kumwacha mtoto pembeni "dakika mbili tu" wakati mzazi anacheza si jambo la kujaribu.

Tatizo lingine ni moshi. Sheria ya 2006 ilizuia sigara katika maeneo mengi ya ndani jimboni, lakini ikaacha kumbi za kasino. Mwenye mtoto wa pumu anaweza kuchagua hoteli isiyo na kasino, kama Vdara, au Park MGM, ambayo kasino yake hairuhusu sigara. Dawa ya kuvuta ikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Hesabu kabla ya kutoka chumbani

Hoteli nyingi hutoza ada ya huduma kwa kila usiku juu ya bei ya chumba, na mara nyingi huzidi dola 40. Tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu ya Marekani inataka ada hiyo ionekane kwenye bei ya jumla. Maegesho huweza kulipiwa peke yake.

Kuhusu kamari, gurudumu la ruleti la Kimarekani lina nafasi 38, lakini aliyepatia namba moja hulipwa 35 kwa moja. Kwa wastani kasino hubaki na dola 5.26 katika kila dola 100 zinazowekwa. Mchezaji akipoteza si mkosi, ni hesabu. Mtu mzima anayetaka kucheza atenge fedha taslimu mapema, aache kadi chumbani, na mwenzake abaki na watoto.

Matibabu Marekani ni ghali mno kwa mgeni. Bima ya safari inunuliwe kabla ya kupanda ndege.

Miguu, maji na usingizi

Barabara ya kasino, Strip, ina urefu wa kilomita 6.8 hivi. Majengo ni makubwa, hivyo yaliyo mbali huonekana karibu. Basi la Deuce hupita hapo saa 24. Chemchemi na bustani ya ndani ya Bellagio hazina kiingilio, sawa na ndege wa Flamingo. Jua likiwa kali, Discovery Children's Museum ni kimbilio zuri.

Mabwawa mengi ya hoteli hayana mwokoaji. Mtu mzima asiyekunywa pombe awe karibu kiasi cha kumgusa mtoto.

Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 10 kiangazi na 11 majira ya baridi. Siku mbili za kwanza watoto wataamka usiku wa manane, hivyo zisipangiwe mengi. Wapate mwanga wa asubuhi, na saa tatu usiku wawe chumbani. Kila mtoto abebe mfukoni karatasi yenye jina la hoteli na namba ya simu ya mzazi.