Mgonjwa wa Mwenzako

Nilisomea udaktari wa meno Muhimbili katika miaka ya 1980. Shule yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa mwaka 1979, na waliotutangulia karibu wote walikuwa wamesomea nje. Tulikuwa wachache kiasi kwamba ukitajiwa daktari wa meno wa mkoa fulani, ulimjua kwa jina na kwa mwalimu aliyemfunza. Tuliajiriwa na serikali au hospitali za misheni, kwa kuwa sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumnyang'anya mwenzake mgonjwa. Umoja wetu ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa haujajaribiwa.

Waliobaki nje ya umoja huo ni matabibu wa meno. Vijana waliotoka vyuo vya Mbeya na Tanga ndio waliokuwa wakihudumia wilaya ambazo daktari hafiki, lakini kwenye mazungumzo yetu walikuwa watu wa pembeni. Mimi nilibadilika nilipoona mbinu ya ART, iliyobuniwa papa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: jino linazibwa kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Unakwangua palipooza, unajaza saruji ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mbinu hiyo kwa ulimwengu mzima. Nilimkuta tabibu mmoja akiifanya katika shule ya msingi, mtoto amelala juu ya meza ya mwalimu, na kila chombo anamwonyesha kwanza kabla ya kukiingiza mdomoni. Yule hakuhitaji kusomewa maadili na mtu yeyote.

Mwaka 1991 ile sheria ya hospitali binafsi ililegezwa, kliniki binafsi zikafunguliwa. Nililikubali jambo hilo na bado nalikubali. Foleni za hospitali za serikali zilikuwa hazivumiliki. Lakini ndipo nilipoanza kusikia swali lililonichoma: "Mama, nani huyu kakuharibia hivi?" Daktari anaangalia mdomoni, anatikisa kichwa, anacheka kidogo. Mgonjwa anaondoka akiamini kwamba wa kwanza alikuwa mwizi, na akifika kwa wa tatu anaambiwa hivyo hivyo kuhusu wa pili. Wengine waliacha kabisa kwenda kwa daktari, wakarudi kwetu shavu limevimba hadi jicho halifunguki.

Chukua mfano wa mzizi uliobaki ndani ya ufizi baada ya jino kung'olewa. Mizizi hukatika, hata kwa daktari hodari, hasa jino likiwa limeoza sana au mizizi yake imepinda. Kukatika si aibu. Aibu ni kumnyamazia mgonjwa, aende nyumbani akidhani jino limetoka lote. Anayeukuta mzizi ule baada ya miaka hajui kama mwenzake alimweleza mgonjwa au la, wala kama mgonjwa mwenyewe alikataa kuendelea. Kabla ya kuhukumu, ni lazima aulize.

Katika mikutano ya chama chetu cha madaktari wa meno hilo lilizungumzwa kwa miaka, mara kwa hasira. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akisimama na kusema, "Mpigieni simu mwenzenu kwanza." Taratibu ikawa desturi: unapiga simu, unaandika barua ya rufaa inayoeleza ulichofanya na ulichoshindwa, na ukimaliza kazi uliyoombwa unamrudisha mgonjwa kwa aliyekuletea. Matabibu nao wakaanza kupokea majibu ya barua zao, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja pale mwenzetu mmoja alipojulikana kuwa anapokea mgonjwa mwingine kabla vifaa havijatakaswa. Enzi hizo Ukimwi ulikuwa umeingia kila ukoo. Wapo waliosema tusianikane, yeye ni wetu. Nakumbuka kikao kile kwa uchungu, maana waliosema hivyo walikuwa watu ninaowaheshimu. Wazee wawili walikwenda kumwona, wakazungumza naye, hakusikia. Akaripotiwa. Baadhi walikiita kitendo hicho usaliti. Mimi naamini siku ile ndiyo tuliyoanza kuwa taaluma, kwa sababu umoja unaomlinda daktari dhidi ya mgonjwa wake ni njama tu.

Leo tuna sheria ya mwaka 2017 inayotuweka pamoja na madaktari wengine na taaluma shirikishi, na tuna makundi ya WhatsApp ambamo kijana aliye Kigoma anatuma picha ya eksirei usiku na kujibiwa na bingwa wa Dar es Salaam kabla hajalala. Nafurahi sana kuyaona hayo. Kinachonikera ni picha za wagonjwa zinazosambazwa mitandaoni kutangaza biashara: meno ya kabla na ya baada, uso mzima waonekana, na ukiuliza kama mwenye uso aliridhia kwa maandishi, unajibiwa kwamba alifurahi. Nimewaandikia viongozi wa chama nikiomba suala hili liwe ajenda ya mkutano mkuu ujao, na vijana watatu niliowafundisha wametia saini pamoja nami.