Kura ni Amana: Tuliyojifunza Lodwar na Kakuma



Ndugu wasomaji, mwezi Machi 2021 mwanamke aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Bi. Ayor Makur Chuot, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Australia Magharibi. Alikimbia vita vya Sudan akiwa mtoto, akahamia Australia mwaka 2005, na miaka 16 baadaye akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan Kusini kuchaguliwa katika bunge lolote la nchi hiyo. Hatumtaji kwa dini yake wala kwa chama chake. Tunamtaja kwa kuwa jina lake tulilisikia vinywani mwa akina mama wa Kakuma, tulipojaaliwa kufika huko kwa ziara ya daawa.

Tuliingia Turkana kwa barabara ya Kitale, tukalala Lodwar, kisha tukaendelea hadi Kakuma, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo. Wapo waliozaliwa hapo, wakasoma hapo, wakaolewa na kuzaa hapo hapo.

Baada ya darsa, mama mmoja wa Kisomali alitwambia: "Sheikh, binti yangu ana miaka ishirini na mitano. Anajua bomba lipi limekauka na darasa lipi halina mwalimu. Lakini siku ya kura hukaa ndani kama mtoto mdogo. Yule aliyekwenda Australia amekuwa mtunga sheria. Wangu, je?"

Hatukuwa na jibu jepesi. Katiba yetu humwandikisha mpiga kura aliye raia, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, pamoja na kuwapanulia nafasi ya kufanya kazi, haikuwapa kura.

Tuliporudi Lodwar tulimsimulia maneno hayo mzee mmoja wa Kiturkana aliyetukirimu nyumbani kwake. Hakughadhibika, bali alitukumbusha upande wa pili. "Sisi tuliwapokea, nasi wenyewe twafa kwa ukame," alisema. "Bunge letu la kaunti tumelipata mwaka 2013 tu. Kiti cha wadi yetu kikienda kwa wageni, mjukuu wangu atasemewa na nani?" Nayo hiyo si chuki. Ni hofu ya mtu aliyesubiri miaka mingi kusikilizwa.

Sisi si watunga sheria, wala hatukwenda huko kuamua baina ya mama yule na mzee yule. Lakini tuliona kwamba wote wawili, mwenyeji na mgeni, waliijua thamani ya kura kuliko wengi wetu huku pwani.

Tusidhani pia kuwa habari hizi ni za mbali. Bi. Ilhan Omar, aliyeingia bunge la jimbo la Minnesota, Marekani, kwa uchaguzi wa mwaka 2016, aliishi utotoni katika kambi ya Utange, hapa hapa Mombasa. Katika mchujo wa chama chake alimshinda mbunge aliyekuwa kitini tangu miaka ya sabini. Mtoto aliyekuwa akipanga foleni ya maji jirani na mitaa yetu leo huwasemea maelfu ya watu.

Wala dini yetu haiuoni ugeni wala uanamke kuwa kizuizi cha rai njema. Bibi Umm Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa miongoni mwa waliohamia Uhabeshi kukimbia mateso ya Makka. Miaka mingi baadaye, siku ya Hudaybiya, masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa, ni yeye aliyempa Mtume, rehema na amani zimshukie, shauri lililoutatua uzito ule.

Basi, akina mama na mabinti zetu, uchaguzi mkuu wa mwaka 2027 waja. Wagombea watapita mitaani kwetu, na baadhi yao watakuja na leso, pakiti za unga na noti za shilingi mia mbili. Mwenye njaa hatumlaumu kwa kula. Tunalosema ni kwamba kura haina bei ya unga: unga huisha kwa siku mbili, na mwakilishi hukaa miaka mitano. Mwulizeni kila mgombea habari ya zahanati, maji na skuli. Kisha mabinti zetu wafunzwe kuuliza, na kusimama wenyewe wakiitwa na watu wao.

Amana hii wapo wanaoililia usiku na mchana, nasi tumepewa bila ya kuiomba. Allah atujaalie tuitunze, awafariji waja wake wa Kakuma, na awanyeshee wa Lodwar mvua ya rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.