Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Kijana mmoja wa Kakuyuni, kando ya barabara itokayo Malindi kuelekea Sala, anaufahamu vyema ukweli wa kauli hiyo. Kuna majuma ambapo hujaa nguvu za ajabu: hulala muda wa saa 2 tu, hutumia fedha asizokuwa nazo na husema bila kituo. Kisha hudidimia, akajifungia chumbani hata sima ikapoa mbele yake. Baadhi ya majirani walidai amerogwa. Wengine wakasingizia bangi. Daktari alisema ni maradhi ya baipola, akamwandikia lithiamu, dawa ambayo John Cade wa Australia alitangaza manufaa yake mwaka 1949.

Binamu yake alimtilia programu kwenye simu. Kila jioni humuuliza amelala kiasi gani, amemeza dawa au la, na hisia zake ni ngapi kati ya 1 na 10. Usiku mmoja alijaza 9. Hakudanganya, alijiona mzima kuliko siku zote. Hapa ndipo penye kitendawili: maradhi humpokonya mgonjwa mizani, kisha simu ikamtaka apime.

Mamaye, asiyejua kusoma, alikuwa na kipimo chake.

"Mwanangu, huu usiku wa tatu sijausikia mlango wako ukifungwa. Kesho twende hospitali."

Kijana alighadhibika. Hata hivyo, alipoifungua simu aone usingizi wake, alikuta saa 6, kisha 3, kisha 2. Mashahidi wawili walikuwa wamekubaliana. Akaenda. Damu ilipimwa, dawa ikarekebishwa, na akaonywa anywe maji ya kutosha, kwani jasho jingi la joto la pwani laweza kuizidisha lithiamu mwilini ikawa sumu.

Nchini Denmark, watafiti waliijaribu programu iitwayo MONARCA. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba ilipunguza dalili za maradhi kuliko simu ya kawaida. Si ajabu. Simu ni shahidi. Si tabibu, wala si mzazi.

Isitoshe, shahidi huyu alikuwa akihoji kwa Kiingereza. Basi mama na mwana wakaketi, wakayatafuta maneno yao: "nimetulia", "nafurukuta", "nimezama". Mwana huyaandika katika nafasi ya maelezo, na mama huyaelewa yakisomwa. Je, wanaokienzi Kiswahili wana habari kwamba afya ya mtu yaweza kutegemea neno moja lililokosekana?

Siku hizi simu iliapo jioni, mama huuliza kwanza:

"Yasemaje hiyo?"

Kijana humsomea, kisha naye huuliza, bila hasira:

"Na wewe, mama, wasemaje?"