Santuri Moja ya Majirani Zetu



Sisi wakaaji wa Kasungami, tukisikia habari za Zambia, twawaza malori ya Kasumbalesa, unga wa mahindi na bei ya shaba. Wachache kati yetu wanajua kwamba ng'ambo ya mpaka huo, katika miaka ya 1970, vijana walipiga muziki wa roki ambao leo waitwa Zamrock. Bendi iliyopata sifa kubwa ni WITCH. Leo twapenda kuwaonyesha nyingine isiyotajwa sana: Amanaz, vijana watano waliotoa albamu moja, iitwayo Africa, mwaka 1975.

Magitaa yao yana ukali wa roki ya Uingereza na Marekani, lakini chini ya ukali huo mna sauti tamu zinazoshikika upesi. Wimbo «Khala My Friend» waenda polepole, kama rafiki anayemsihi mwenzake. Neno «khala», kwa Kinyanja, ni «kaa». Na wimbo «Kale» hauhitaji mkalimani: kwa Kibemba kama kwa Kiswahili, kale ni zamani. Waliazima vyombo vya mbali, wakavisemesha mambo ya kwao.

Wakati wao haukuwa mwepesi. Mwaka huohuo bei ya shaba ilikuwa imeanguka katika soko la dunia, na mahali ambapo mgodi ndio hulisha nyumba, sisi wa Katanga twajua maana yake: fedha ya santuri hukosekana kabla ya fedha ya unga. Baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Albamu ya Africa ikabaki katika nakala chache, mikononi mwa waliozitunza. Mwaka 2015 kampuni ya Now-Again ya Marekani iliitoa upya, na leo wasikilizaji wa nchi nyingi wanaifahamu, pengine kuliko sisi majirani.

Tusiseme basi kwamba kila kazi njema hupata sifa mwishoni. Wengine walikufa kabla ya kusikia makofi hayo. Twaona jambo dogo zaidi, nalo laweza kufanywa na kila mmoja: kazi yao ilikuwa nzuri siku ilipotoka, hata bila wasikilizaji wengi, lakini imetufikia kwa sababu mtu fulani hakuitupa.

Twauliza sasa: nyimbo zinazotungwa na vijana wa mtaa wetu ziko wapi? Nyingi zinakaa ndani ya simu moja. Simu ikiibiwa, wimbo umekufa. Nyingine huimbwa miaka mingi, na jina la mtunzi limekwisha kusahauliwa angali hai. Kumnyima mtu jina la kazi yake ni kumnyima haki yake.

Kila kikundi na kiwe na daftari. Andikeni maneno yote ya wimbo, jina la mtunzi, mwaka, na lugha. Rekodini sauti, mkaiweke mahali pawili. Waendeeni wazee waliopiga gitaa au kuimba zamani, mkawaulize wangali wanakumbuka. Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Yadai Jumamosi moja, kalamu, na mtu mwenye subira ya kusikiliza.