Mwaka wa Joka Umerudi

Kwa hesabu tuliyorithi kwa wazee, mwaka huu wa 1928 ni mwaka wa joka la udongo, nao hurudi mara moja tu kila baada ya miaka 60. Uliotangulia ulikuwa 1868. Wakati ule nilikuwa binti wa miaka 11, nimefungiwa pamoja na mama yangu ndani ya ngome ya Tsuruga, hapa Wakamatsu katika nchi ya Aizu. Leo nina miaka 71, na wa rika langu waliobaki wanahesabika. Mwezi Septemba mjukuu wa bwana wetu Matsudaira Katamori ameolewa na Chichibu, ndugu yake Mfalme. Vijana mlishangaa kuona vikongwe wakilia njiani kama watoto. Msitushangae. Sisi ndio tuliokulia chini ya jina la maadui wa Mfalme.

Nyinyi mnaohesabu mali kwa yen hamkuwahi kuijua koku, yaani kipimo cha mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Ukuu wa nyumba ulipimwa kwa koku, na Hoshina Masayuki alipopewa Aizu mwaka 1643 alipewa koku 230,000. Alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, akalelewa kwa watu. Aliyemwinua ni ndugu yake wa baba mmoja, Iemitsu, alipokuwa shoguni. Fadhila hiyo hakuisahau. Mwaka 1668 aliwaandikia wazao wake wasia wa vifungu 15, na cha kwanza kilikuwa kumtumikia shoguni kwa moyo wote. Bwana yeyote wa Aizu atakayekwenda kinyume si wa uzao wake, na samurai wasimfuate. Wasia huo ulisomwa kwa karibu miaka 200, watu wakiusikiliza wameinamisha vichwa. Wavulana walifunzwa katika shule ya Nisshinkan, vitabu na upanga, na kuogelea katika bwawa la shule. Sisi wasichana tulifundishwa nyumbani kushika mkuki wenye ubapa, mzito kuliko mikono yetu. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka.

Basi kilichotuinua ndicho kilichotuangusha. Mwaka 1862 shoguni alimtaka Katamori akalinde amani ya Kyoto, mji uliokuwa ukichinjana usiku na mchana. Mshauri wake Saigo Tanomo alimsihi akatae, akasema ni sawa na kubeba kuni kwenda kuzima moto. Alisema kweli. Lakini ulitajwa ule wasia, na mbele ya wasia bwana wetu hakuwa na la kujibu. Akaenda. Mfalme Komei alimpenda, akamwandikia barua ya shukrani kwa mkono wake mwenyewe. Mfalme akafariki mapema mwaka 1867, upepo ukageuka, na kufikia mwaka uliofuata majeshi ya Satsuma na Choshu, maadui wa shoguni, yalikuwa yakija kwetu chini ya bendera ya Mfalme. Na jambo hili wenzangu hawapendi nilitaje: gharama za Kyoto zilitoka mgongoni mwa wakulima wa Aizu. Ngome ilipoanguka hawakutulilia. Waliinuka, wakachoma daftari za kodi na za madeni. Nilipokuwa msichana niliwaona wasaliti. Leo sina neno dhidi yao.

Tulizingirwa mwezi mzima. Mizinga iliwekwa juu ya mlima Oda, ng'ambo tu ya mji, na kombora lilipoanguka uani bila kupasuka, kazi ya wanawake ilikuwa kulikimbilia na kulifunika kwa mfarishi uliolowa maji kabla utambi haujaisha. Mke wa Yamakawa Hiroshi, mmoja wa makamanda wetu, alikufa katika kazi hiyo. Sisi wadogo tulibeba maji na kufinyanga tonge za wali. Wali ulitoka jikoni ukifuka moshi, tukachovya viganja katika ndoo ya maji baridi, tukafinyanga, tukachovya tena, hadi ngozi ikachubuka. Wavulana walirusha tiara juu ya kuta ili adui aone kwamba bado tunacheza. Na siku ilipoamuliwa kusalimu amri hapakuwa na kitambaa cheupe, kwa maana chote kilikwisha kufungia majeruhi. Wanawake wakaokota vipande, wakaviunga kwa sindano hadi vikawa bendera.

Vijana huja na shule zao mlima Iimori kuyaona makaburi ya Byakkotai, wale wavulana wa miaka 16 na 17 walioona moshi wa mji, wakadhani ngome imeungua, wakajiua. Walikuwa 20 mlimani pale, mmoja aliokolewa. Nawaheshimu, baadhi yao niliwafahamu kwa sura. Lakini ngome ilikuwa bado imesimama, na lau wangengoja wangeiona moshi ulipopungua. Walimu hawasemi hivyo. Husifu kufa kwao, kisha hugeuka wakateremka mlima, kana kwamba sisi tuliobaki hai hatukufanya kitu.

Sisi tulipelekwa Tonami, ncha ya kaskazini, mwaka 1870, watu wapatao 17,000. Katika maandishi nchi ile ilikuwa ya koku 30,000. Kwa mavuno haikufika hata theluthi. Upepo wa bahari uliingia ndani ya nyumba pamoja na theluji. Mama yangu, aliyekuwa na mtumishi wa kumchania nywele, aliokota mwani ufukweni, akaukausha, akauponda, akauchanganya na wali kidogo, tukauita uji. Kwa kuwa tulikula maharage ya soya, wenyeji walituita samurai njiwa. Kwa kuwa tulikula kila jani, wakatuita viwavi. Mdogo wangu wa kiume tulimzika huko.

Na bado rika hilo la viwavi lilisimama. Yamakawa Kenjiro alikwenda Marekani akasomea fizikia, akaja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Shiba Goro, aliyepoteza bibi, mama na dada zake mjini humu, akawa jenerali. Sutematsu, aliyekuwa nami ngomeni akiwa na miaka minane, alipelekwa Marekani mwaka 1871 akiwa na 11. Mama yake alimbadili jina kwanza, akamwita kwa maneno mawili: kutupa, na kungoja. Alirudi na shahada ya chuo, akaolewa na Oyama Iwao wa Satsuma, aliyeipiga ngome yetu kwa mizinga. Tulimnung'unikia sana. Mimi pia nilinung'unika, hadi nilipojiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa amembebea mzigo wake wa miaka 11 ugenini.

Siku ya kusalimu amri Katamori alipiga magoti kwenye zulia jekundu, na alipoondoka watu wake walilikata vipande, kila mmoja akachukua chake. Cha baba yangu kina ukubwa wa kiganja. Kilikwenda naye Tonami na kilirudi naye. Siku ya arusi mjukuu wangu alinikuta nimekiweka juani, akauliza ni kitambaa gani hicho kilichochakaa hivyo. Nikamwambia akae.