Paka Mdogo Anapiga Chafya: Afanyweje?

Mavuno yakishaingia ndani, simu za paka huongezeka. Panya wameshaona magunia, kila mtu anatafuta paka. Siku chache baadaye: “Bwana mifugo, yule paka anapiga chafya. Nimeuziwa mgonjwa?”

Huenda hukudanganywa. Paka wengi hupata virusi vya mafua ya paka wakiwa bado kwa mama zao, na msukosuko wa kuhama huviamsha. Hata wangu, niliyemchukua kwa jirani akiwa na wiki nane hivi, alianza siku ya nne.

Ila kwanza tazama anapolala. Stoo yenye vumbi la pumba, moshi au dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka itampigisha chafya hata akiwa mzima. Mhamishe. Wangu nilimhamishia kwenye boksi lenye kanga kuukuu, chafya zikaendelea. Basi nikajua ni mafua.

Kama kamasi ni jepesi kama maji, anakula na kucheza, mpe siku 7 hadi 10. Mfute tongotongo na pua kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Chakula kipashwe moto kidogo. Mimi nilitumia supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu. Paka hula kwa pua: ikiziba hasikii harufu, na asiposikia harufu hali.

Hapo ndipo penye hatari, kuliko kwenye chafya zenyewe. Paka mdogo akipitisha siku nzima bila kula, au kamasi likiwa zito la njano au kijani, macho yakigandana, au akihemea mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usimpe parasetamo. Mwili wa paka hauwezi kuivunjavunja. Hata robo ya kidonge inaweza kumuua. Sindano ya ng'ombe iliyobaki nayo iache. Antibiotiki haiui virusi, na kipimo cha ng'ombe si cha mnyama asiyefika kilo moja.

Kama una paka wengine, mtenge wiki mbili, awe na chombo chake. Watoto wasikutie hofu, virusi hivi haviambukizi binadamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa anahitaji pia, lakini asubiri apone na afikishe miezi 3.