Bila Kupingwa

Mwaka jana nilichaguliwa mwenyekiti wa ploti yetu bila kupingwa. Tulikutana chini ya ngazi, watu kumi na wawili, kila mtu na simu yake. "Kuna mwingine anataka?" Kimya. Nikapigiwa makofi. Nilifurahi, sitadanganya. Tenki ya maji ilipopasuka ndipo nikaelewa kile kimya.

Tangu hapo namsomasoma Shadrach Bond. Mwaka 1818, Illinois ikijiandaa kuwa jimbo la Marekani, aligombea ugavana wa kwanza na hakuna aliyempinga. Mkulima, mzaliwa wa Maryland. Katiba yao mpya ilisema kura ipigwe kwa mdomo: unataja jina, watu wanasikia. Sasa kama jina ni moja, si unataja hilohilo?

Na waliopiga ni wanaume weupe waliozidi miaka 21. Wanawake hawakuulizwa. Watu aliowamiliki Bond mwenyewe, maana alikuwa na watumwa, ndio kabisa. Rekodi inasema tu: hakupingwa.

Mamangu alipanga mlolongo 1988, nyuma ya mtu asiyemtaka, majirani wakitazama. Nilipomsimulia habari za Bond aliuliza swali moja: "Na wale waliomlimia, wangemtaja?"

Jumapili tunachagua tena. Nimemwomba mama wa nyumba namba tatu, yule hunigombeza kila asubuhi juu ya maji, agombee dhidi yangu. Bado hajajibu.